Hesabu wati kabla ya fremu: kompyuta ya gemu kwa nyumba ya Lamu

Swali: Assalaam alaikum. Niko Langoni, Lamu. Nina shilingi 180,000 za kompyuta mpya. Usiku nacheza gemu na ndugu zangu, zaidi mpira na mashindano ya magari. Mchana nahariri video za harusi za wanawake, na kamera yangu inarekodi 10-bit 4:2:2. Muuzaji mmoja wa Mombasa kanipa orodha hii: Core i7-14700K, kipoza cha maji, ubao mama wa Z790, RAM ya GB 16 kipande kimoja, RTX 4060, SSD ya GB 512, pawa saplai ya wati 750 ambayo jina lake silijui, na kesi ya kioo mbele na ubavuni yenye feni sita za taa. Skrini ninayo, ya 1080p, Hz 60. Nyumba ni ya kizamani, iko karibu na bahari, na umeme hukatika. Ninunue?

Jibu: Waalaikumu salaam, dada. Orodha hiyo usiinunue kama ilivyo. Katika chumba chenye kiyoyozi na umeme usioyumba ingeweza kupita. Langoni itakuchosha.

Hapo Lamu kila wati unayoiwasha unailipa mara tatu: kwenye tokeni, kwenye joto linalobaki chumbani, na kwenye chumvi. Chumvi inaingia kwa sababu joto likizidi feni hukaza mwendo, na hewa ya bahari inayopita ndani ya kesi haipiti bure. Basi kabla hujauliza gemu itatoa fremu ngapi, yaani picha ngapi kwa sekunde, uliza kila kifaa kinakula wati ngapi.

Tuipigie hesabu orodha ya muuzaji. Prosesa, Core i7-14700K, imeandikwa wati 125, lakini hizo ni za msingi. Ikikazwa, Intel yenyewe inairuhusu ifike 253. Kadi ya grafiki, RTX 4060, ni wati 115. Ubao, RAM, SSD, feni na pampu, tuseme 50. Jumla 418. Pawa saplai yenye ufanisi wa asilimia 85 itavuta ukutani kama wati 490 ili itoe hizo 418, na zote 490, mwisho wa safari, ni joto ndani ya chumba chako. Kwenye gemu prosesa hiyo haifiki 253. Inafika pale unapotoa video iliyokamilika, na hiyo ndiyo kazi yako ya mchana, saa ambazo jua nalo liko juu.

Sasa weka prosesa ya AMD, Ryzen 5 7600. Ina viini 6 na nyuzi 12, imeandikwa wati 65, na kikomo chake cha kweli kwenye soketi ya ubao mama ni 88. Weka RTX 5060, wati 145. Ongeza zile 50. Unapata 283, ukutani kama 333. Umepunguza theluthi ya joto, na kwenye gemu za 1080p ndugu zako hawatakuja kukulalamikia, kwa sababu hapo kadi ya grafiki ndiyo inayoamua. Angalia tu usiuziwe 7600X kwa jina la 7600: ile yenye X imeandikwa wati 105 na tofauti yake kwenye gemu ni ndogo.

Kuna sababu nyingine ya kuiacha ile i7. Prosesa za Intel za kizazi cha 13 na 14, hasa i7 na i9, zilipata tatizo la kujipa voltiji kubwa kupita kiasi mpaka zikaanza kuharibika polepole: gemu zinafunga zenyewe, kutoa video kunakatika katikati, Windows inaonyesha skrini ya buluu. Intel ilitoa marekebisho ya BIOS, programu ya msingi ya ubao mama, kuanzia Agosti 2024 na kuongeza udhamini wa prosesa hizo kwa miaka miwili. Marekebisho yanazuia madhara mapya. Chipu iliyokwisha kuumia hayaiponyi. Mpya iliyofungwa kwenye ubao wenye BIOS ya karibuni haina shida, lakini ukiletewa ya mkononi kwa bei tamu, iache. Tena soketi yake, LGA1700, imefika mwisho na kizazi cha 14. AM5, soketi ya Ryzen 7600, AMD imesema itaihudumia hadi 2027 na kuendelea, kwa hiyo baada ya miaka mitatu unaweza kubadilisha prosesa peke yake bila kung'oa ubao. Kwa mtu ambaye kila kipuri kinamvukia kwa boti kutoka Mokowe, hilo si dogo.

Kwa haki ya muuzaji, i7 ile ina kitu kimoja kinachokuhusu: grafiki yake ya ndani husimbua (hufungua) HEVC ya 4:2:2, yaani video iliyobanwa yenye taarifa nyingi zaidi za rangi, kazi ambayo RTX 4060 haiwezi kuifanya kwa maunzi. Ukiweka 4060 pamoja na prosesa isiyo na uwezo huo, video zako zitakwamakwama kwenye programu ya kuhariri hata kama kila kitu kingine ni kipya, kwa sababu kazi yote inamwagwa kwenye viini vya prosesa. Kizazi cha RTX 50, kilichotoka 2025, ndicho cha kwanza kwa Nvidia kusimba na kusimbua 4:2:2 kwenye kadi yenyewe. Ndiyo maana nimetaja 5060 na si 4060. Hakikisha tu toleo la programu yako ya kuhariri ni jipya kiasi cha kuutumia uwezo huo, na draiva ya kadi iwe ya karibuni. Kama hujui kamera yako inarekodi nini hasa, fungua faili moja kwa programu ya MediaInfo na utafute mstari wa «chroma subsampling». Ukikuta 4:2:0, kadi yoyote ya leo inatosha, nawe chagua kwa gemu tu.

RTX 5060 ina GB 8 za kumbukumbu. Kwa 1080p zinatosha, ila gemu nzito za karibuni zitakulazimisha ushushe ubora wa picha za nyuso za vitu ngazi moja. Fedha zikibaki, RTX 5060 Ti ya GB 16 ni wati 180 na itadumu zaidi, kwa gemu na kwa kuhariri. Jina hilohilo la 5060 Ti linauzwa pia kwa GB 8, na maboksi yanafanana. Soma namba kwa jicho lako, usimtegemee mtu wa kaunta. Kama ungekuwa unacheza tu bila kuhariri, ningekutajia RX 9060 XT ya GB 16 ya AMD, wati 160 hivi, kabla ya zote mbili. Toleo la feni mbili linatosha. La feni tatu ni refu, zito, na halibebeki vizuri. Theluthi ya fedha zako iende kwenye kadi hii.

Ubao mama: B650 au B850 ya kawaida. Z790 na wenzake wa bei wanakuuzia uwezo wa kukaza prosesa kupita kiwango, na wewe huko huendi. Tazama mambo machache tu: nafasi mbili za M.2 za kuweka SSD, bamba la chuma juu ya sehemu inayolisha prosesa umeme, na kitufe cha kupachika BIOS kwa flashi bila prosesa. Hicho kitufe ni cha bei ndogo na kitakuokoa siku utakayobadilisha prosesa.

RAM ndiyo ngumu kwa sasa. Tangu mwishoni mwa 2025 bei zimepanda vibaya kwa sababu viwanda vinaelekeza chipu kwenye vituo vya data vya akili mnemba. Hata hivyo kipande kimoja cha GB 16 ni nusu ya njia: prosesa ina njia mbili za kumbukumbu, na ukijaza moja unaikata upana wake, fremu za chini kabisa zinaanguka na gemu ya magari inakata kwenye kona. Nunua vipande viwili vya GB 16, DDR5-6000 yenye alama ya EXPO (mpangilio wa kasi wa AMD), kwa fedha ulizookoa kwenye i7, Z790 na kipoza cha maji. Kama hazifiki, chukua viwili vya GB 8 na uhariri kwa uvumilivu. Usipange kwamba baadaye utaongeza viwili juu ya viwili vya mwanzo, maana AM5 ikiwa na vipande vinne hushusha kasi sana na wakati mwingine hugoma kuwaka.

SSD ya GB 512 itajaa mwezi wa kwanza. Gemu moja kubwa siku hizi inapita GB 100. Chukua SSD ya aina ya NVMe ya TB 1, kizazi cha 4, na uache angalau moja ya tano yake wazi. Harusi za watu zisikae hapo peke yake. Weka nakala kwenye diski ya nje inayofungiwa kabatini.

Sasa tuje kwenye umeme, ambao orodha yako haikuugusa kabisa.

Pawa saplai isiyo na jina ndiyo kifaa cha hatari zaidi katika karatasi ile. Namba kubwa ya 750 ubavuni haisemi kitu. Soma jedwali dogo la kibandiko, safu ya +12V, maana prosesa na kadi zinakula humo. Chukua ampia zake uzidishe kwa 12. Ukikuta 38A, hiyo ni wati 456, na 750 ni mapambo. Pawa saplai ya kweli ya wati 550 huonyesha kama 45A, yaani 540. Jambo la pili ni swichi nyekundu nyuma iliyoandikwa 115/230. Ikiwepo, ni muundo wa zamani usio na PFC hai (saketi inayosawazisha mkondo unaovutwa ukutani), na mtoto akiichokora ikaenda 115 kwenye umeme wetu wa volti 240, italipuka ukiiwasha na inaweza kuondoka na ubao. Tafuta iliyoandikwa 100–240V bila swichi, yenye alama ya ufanisi ya 80 Plus Bronze au zaidi, wati 550 hadi 650, ya kampuni inayotoa udhamini wa miaka mitano. Ukubwa huo unatosha 5060 na hata 5060 Ti.

Halafu UPS, kile kifaa chenye betri kinachoshika kompyuta umeme ukikatika. Tenga sehemu moja ya kumi ya fedha, na hapa usikubali kushushwa. Ile ndogo ya VA 650 hutoa wati 360 au 390 tu. Kompyuta yako ikivuta 333 na skrini 25, uko kwenye 358, na umeme ukikatika katikati ya gemu, UPS inaweza kupiga kelele mara moja na kuzima pamoja na Kenya Power. Chukua VA 1000 yenye wati 600, aina inayorekebisha voltiji bila kugusa betri. Ukipata inayotoa wimbi safi la sine, lipa tofauti hiyo. UPS za bei nafuu hutoa wimbi la ngazi-ngazi, na pawa saplai zenye PFC hai nyingine huchukia wimbi hilo: huzima au hulia. Kuhama kutoka umeme hadi betri huchukua milisekunde kadhaa, na pawa saplai nzuri hushikilia kama milisekunde 16 hivi ikiwa imebeba mzigo wote. Mbovu haifiki hapo, ndipo unapoona kompyuta inajiwasha upya ilhali UPS iko na taa ya kijani.

Usitarajie kucheza kwa betri. Dakika chache hizo ni za kuhifadhi kazi na kuzima. Betri ya ndani ni ya risasi, na kanuni ya mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 juu ya 25 hukata umri wake nusu, kwa hiyo kwenye chumba cha nyuzi 32 hesabu miaka miwili, na uulize kabla ya kununua kama betri ya kubadilisha inapatikana Mombasa. Kifaa kinachofungwa kwenye friji, kile kinachosubiri dakika chache umeme ukirudi, kinafaa pia kukaa kati ya ukuta na UPS, kwa sababu mshtuko mkubwa huja umeme unaporudi. Printa na pasi zisiguse UPS.

Kabla ya hayo yote, mwite fundi umeme aangalie ethi. Nyumba nyingi za zamani zina soketi za matundu matatu ambazo tundu la juu halina waya nyuma yake. Dalili yake utaijua: ukigusa chuma cha kesi ukiwa miguu mitupu sakafuni, mkono unawashwa-washwa. Kichujio kilicho ndani ya pawa saplai kina kapasita mbili zinazopeleka mkondo mdogo kwenye bodi ya kesi ili uteremke ardhini kwa ethi. Ethi isipokuwepo, kesi inabaki na karibu nusu ya voltiji ya ukutani. Mkondo ni mdogo, lakini ukichomeka waya wa HDMI au kamera huku yote imewashwa, unaweza kuua tundu la kamera. Kubadilisha pawa saplai hakuondoi hali hiyo.

Chumvi ndiyo nataka uielewe vizuri, kwa sababu watu wa bara wanaotoa ushauri wa kompyuta hawaigusi. Chembe za chumvi zinazoletwa na upepo hukaa juu ya ubao kama vumbi lolote, na zikiwa kavu hazina madhara makubwa. Lakini chumvi ya kawaida huvuta maji hewani na kuyeyuka unyevu ukifika asilimia 75, na Lamu usiku unyevu hupita hapo mara nyingi. Ubao uliozimwa unapata utando wa maji ya chumvi kati ya miguu ya chipu, mkondo mdogo wa umeme wa kusubiri ungali humo, na kutu ya kijani inaanza. Kompyuta iliyowashwa huwa na joto ndani, hewa yake inakuwa kavu kuliko ya chumba, na utando haupati kukaa. Ndiyo maana kompyuta inayokaa miezi bila kutumika pwani huharibika kuliko inayotumika kila siku. Ukisafiri au ukiiacha mwezi mzima, ichomoe ukutani, isafishe, iweke kwenye mfuko mkubwa wa nailoni pamoja na pakiti za silika jeli, na ufunge mdomo. Usiifunge ikiwa na vumbi, utakuwa umeihifadhia chumvi yake.

Kwa hiyo kesi ya kioo mbele hapana. Inaziba hewa, feni zinapiga kelele kutafuta upenyo, na taa sita hazipozi chochote. Chukua kesi ya wavu mbele yenye kichujio kinachochomoka bila skrubu. Feni mbili za milimita 120 au 140 mbele zikiingiza, moja nyuma ikitoa. Zinazoingiza zikizidi zinazotoa, hewa inasukumwa nje kwenye nyufa badala ya kuvutwa, na vumbi linalazimika kupita kwenye kichujio. Osha kichujio kila wiki mbili, na upepo ukivuma moja kwa moja kutoka baharini kila wiki, kwa maji baridi ya kunywa, si ya kisima chenye chumvi, kikauke kabisa kabla ya kurudi. Vibamba vya nafasi zisizotumika nyuma ya kesi visiachwe wazi. Mjusi kafiri anapenda joto la pawa saplai, na akigusa nguzo mbili humo, wanakufa wote wawili, yeye na ubao.

Kipoza cha maji kiache Mombasa. Pampu ikifa, prosesa haina kitu, na kipuri hakipo upande wako wa maji. Kipoza cha mnara mmoja chenye mirija minne na feni ya milimita 120 kinaitosha Ryzen 7600 mara mbili. Kile kidogo kinachokuja ndani ya boksi la prosesa kinafanya kazi, lakini vipimo vya majarida hufanywa kwenye vyumba vya nyuzi 21 au 22. Ongeza 10 kwa Februari na Machi za kwenu, na kitanguruma usiku kucha.

Mahali pa kuiweka: si dirishani, si rosheni inayotazama bahari, na tafadhali si ndani ya zidaka, vile vishubaka vya ukutani. Najua kidaka kinaita, upana wake unakaribia kesi kabisa, lakini hewa ya moto haina pa kutokea na inarudi mbele kuvutwa tena. Chumba cha ndani upande wa kiwanda, yaani ua wa ndani wa nyumba, ni bora, juu ya meza au kibao kilichoinuka sentimita 15 kutoka sakafuni, na nafasi ya sentimita 10 nyuma. Plasta ya chokaa ya zamani hutoa unga mweupe. Ukuta wa nyuma ukimwagika, upakwe rangi kwanza. Na kama kuna kiyoyozi, usikizime na kufungua madirisha papo hapo kompyuta ikiwa baridi, maana unyevu wa nje utagandia kwenye chuma baridi.

Skrini yako ya Hz 60 ndiyo itakayokupunja raha. RTX 5060 inaweza kutoa fremu 120 kwenye gemu nyingi za magari. Skrini inaonyesha 60 na zilizobaki ni joto la bure. Una njia mbili. Ya kwanza, ikae hivyo na uweke kikomo cha fremu 60 kwenye draiva. Kadi itakula nusu ya wati zake na chumba kitapoa. Ya pili, ambayo ningeichagua ndani ya miezi sita, ni skrini ya IPS ya 1080p, Hz 144 au zaidi. Kwa vyovyote, shusha kikomo cha nguvu cha kadi hadi asilimia 85 kwenye programu ya kadi. Unapoteza fremu chache usizoziona na unapata feni tulivu.

Usafirishaji sasa. Mwambie fundi akufungie na kuiwasha hukohuko Mombasa, aiendeshe kwa mzigo wa prosesa na kadi pamoja kwa nusu saa, akutumie picha za joto na za programu ya GPU-Z inayoonyesha jina la kadi na kumbukumbu yake. Kadi bandia za chipu kuukuu iliyobandikwa jina jipya hukamatwa hapo. Namba za kadi, ubao na pawa saplai ziandikwe kwenye risiti. Kisha kadi ya grafiki ing'olewe, irudi kwenye boksi lake na mfuko wake wa kijivu. Barabara ya hadi Mokowe na boti, halafu mkokoteni au punda kwenye vichochoro, vitaning'iniza gramu mia kadhaa za kadi kwenye nafasi moja ya plastiki, na nafasi ikipasuka ni ubao mzima. Kipoza cha mnara ni chepesi, kibaki, ila jaza magazeti yaliyokunjwa kukizunguka, na uandike kwa kalamu nene juu ya kesi «TOA MAGAZETI KWANZA». Yote yafungwe nailoni mbili dhidi ya maji ya mawimbi, na isafiri kwenye sehemu ya abiria, si kwenye shehena.

Ikifika, iache saa mbili au tatu ikiwa imefungwa ili izoee joto la chumba. Rudisha kadi mpaka kishikio kilie «tak», chomeka waya wake wa umeme, na skrini ichomekwe kwenye kadi, si kwenye ubao. Ryzen 7600 ina grafiki ya ndani, kwa hiyo ukichomeka ubaoni picha itatoka na utacheza wiki nzima kwa fremu 15 ukilaumu kadi. RAM zikae nafasi ya pili na ya nne kutoka kwenye prosesa.

Halafu usiogope skrini nyeusi. AM5 ikiwashwa mara ya kwanza, au baada ya kugusa RAM, huipima kumbukumbu kwa dakika kadhaa bila kuonyesha chochote, na wengi huizima hapo, ikaanza upya, wakaizima tena, wakairudisha dukani nzima. Ipe robo saa huku feni zikizunguka. Ikiwaka, ingia BIOS, washa EXPO, kwa sababu bila hiyo RAM uliyoilipia 6000 itakaa 4800 au chini yake. Hapohapo hakikisha TPM na Secure Boot, vilinzi vya usalama, zimewashwa kabla hujaweka Windows 11. Gemu kadhaa za mtandaoni, Valorant mojawapo, hukataa kufunguka bila hizo, na kuzirekebisha baada ya kuweka mfumo ni usumbufu. Windows 10 wasikuwekee, msaada wake uliisha tarehe 14 Oktoba 2025.